Kikombe kimoja, klabu tano: tumpe nani?

Kikombe chenyewe si cha kutisha. Kimenunuliwa Mwanjelwa, kina masikio mawili, na rangi yake ya dhahabu imeanza kubanduka sikio la kushoto hata kabla hakijakabidhiwa kwa mtu. Lakini kamati yetu ya wazazi ilipokaa kuamua kiende kwa klabu gani ya vijana, kikao cha saa moja kikala jioni nzima. Mmoja anataka skauti, wanapendeza. Mwingine anasema skauti ni gwaride tu, wapewe wale wa kupinga rushwa. Mama mmoja anayeuza vitenge akatunyamazisha wote: "Hivi sisi tunapima nini?"

Nikatumwa mimi, kwa kuwa nimefundisha sekondari miaka mingi na nimewahi kulea klabu mbili, moja ikafa mikononi mwangu. Nitalieleza hilo mbele. Nilizunguka wiki sita hapa Mbeya mjini, nikashuka Tukuyu mara moja nikaloa mpaka mifupa, na nilipopata safari ya Iringa nikatumia nafasi hiyo kupita kwenye shule kadhaa. Niliyoyakuta nayaweka hapa sambamba, kwa ajili ya mzazi anayetafuta klabu ya mtoto wake, mwalimu anayetaka kuanzisha moja baada ya vipindi, au kamati nyingine yenye kikombe kimoja na wagombea wengi.

Klabu mbili, jina moja

Klabu ya kwanza ilinipokea kwa heshima zote. Meza imetandikwa kitambaa, maji ya chupa yapo, mabinti wawili wakanivisha skafu shingoni utadhani mimi ni mkuu wa wilaya. Ikasomwa risala. Risala safi, yenye "ndugu mgeni rasmi" kila baada ya mistari mitatu, mafanikio manane na changamoto tano, ya mwisho ikiwa upungufu wa fedha. Msomaji alikuwa kijana wa kidato cha tatu na karatasi ilikuwa inamtetemeka mkononi. Alipomaliza nikamuuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi: huu mradi wa bustani mliufikiaje, nani alitoa wazo? Akamgeukia mwalimu. Mwalimu akajibu, tena akajibu vizuri, kwa dakika kumi.

Klabu ya pili haikujua kama nakuja siku hiyo. Ijumaa, saa tisa na nusu imeshapita, mvua inapiga bati mpaka mtu apaze sauti ndiyo asikike. Vijana kama kumi na saba wamejibana madawati ya mbele. Katibu, msichana wa kidato cha pili mwenye sweta lililofumuka kiwiko, anasoma muhtasari wa kikao kilichopita kutoka kwenye kaunta buku iliyochanika jalada: kikao kilifunguliwa saa 9:42, waliohudhuria 14, wasiohudhuria 6, wenye taarifa 2. Mweka hazina alisema zimebaki shilingi 3,700 baada ya kununua gundi na manila. Ahadi ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuhusu kalavati lililobomoka haikutekelezwa kwa sababu aliyepewa kazi hakwenda.

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Si kwamba hakwenda. Hakutaka kwenda."

Aliyepewa kazi, kumbe, ni mwenyekiti wa klabu mwenyewe, na alikuwa amekaa palepale mbele. Wakabishana robo saa. Wakapiga kura kwa vikaratasi vilivyochanwa kwenye daftari la hesabu: aendelee na uenyekiti, ila Jumatatu aende akiwa na mwenzake, na Ijumaa alete majibu. Muda wote huo mwalimu mlezi alikuwa kona ya nyuma anasahihisha madaftari. Aliinua kichwa mara moja tu, kuwaambia waongee kwa zamu.

Zote mbili ni klabu za mazingira. Muundo mmoja, ajenda moja, hata wimbo mmoja. Ndiyo maana kabla sijalinganisha majina makubwa ya klabu nikajiwekea maswali matatu ya kubeba kila niendako. Muhtasari anaandika nani? Ufunguo wa sanduku la fedha anao nani? Kiongozi akiboronga, wanachama wanaweza kumwajibisha wenyewe au wanamsubiri mwalimu? Vyeti vya ukutani sikuvihesabu. Stationeri yoyote mjini itakuchapia cheti chenye nembo na mapambo wakati unasubiri chai ipoe.

Skauti na klabu ya kupinga rushwa

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu ndizo utakazozikuta shule nyingi, na kwa sababu zinafundisha mambo yanayokaribia kupingana. Skauti inamfundisha mtoto kutegemewa. Klabu ya kupinga rushwa inatakiwa imfundishe kuuliza.

Skauti ndiyo kongwe. Mwanzilishi wake, Baden-Powell, alipiga kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, na Tanganyika ikapata skauti mwaka 1917. Siri yake haiko kwenye sare. Iko kwenye kundi dogo la vijana sita mpaka wanane lenye kiongozi wake ambaye naye ni kijana. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anapewa wenzake saba na kuambiwa: leo mtakula kama ninyi mtapika. Nimewaona wakiwasha moto kwa kuni mbichi kwenye baridi ya mwezi wa sita, ile ya Mbeya inayokukata masikio, ugali ukaiva saa tatu usiku ukiwa na moshi ndani yake. Kiongozi wa kundi alipakua akajipa wa mwisho, na uliobaki ulikuwa ukoko. Sijui darasa gani la Uraia lingemfundisha hilo kwa urahisi ule.

Beji nayo ina maana pale inapotolewa kwa mtu aliyefanya jambo, si kwa aliyehudhuria tu. Hapo uliza: beji hii ameipataje? Kijana aliyeipata kihalali hukueleza mpaka uchoke.

Ubaya wa skauti wetu ni kwamba wakubwa tunawapenda mno. Mbio za Mwenge zikija, skauti. Mgeni rasmi avishwe skafu, skauti. Mahafali, mtu wa kupanga viti na kuzuia watu mlangoni, skauti. Niliuliza kundi moja wamefanya nini muhula huu, wakanitajia shughuli saba, sita kati ya hizo wakiwa wamesimama juani kwa ajili ya sherehe ya mtu mwingine. Hiyo si huduma kwa jamii. Na kuna gharama: skafu, kofia, mkanda, nauli ya kambi. Mtoto wa mama muuza mboga Soweto ya hapa Mbeya atakwambia haipendi skauti, kumbe hana pesa ya skafu. Kundi moja Iringa lilikuwa limetatua hilo kwa sare za pamoja zinazokaa shuleni kwenye sanduku, anayetoka kidato cha nne anamwachia anayeingia. Mashati yamepauka, lakini hakuna aliyebaki nje.

Upande wa pili, klabu ya kupinga rushwa haina sare wala ada, na nyuma yake ipo TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kuzuia na kupambana na rushwa, yenye ofisi mikoani na wilayani. Ukiandika barua kuomba afisa aje kuzungumza na vijana, umeomba jambo lililo kwenye kazi yake. Sheria wanayoifundisha ni ya mwaka 2007, na ndani yake yamo mambo yanayomhusu mwanafunzi moja kwa moja. Kifungu cha 25 kinataja rushwa ya ngono. Namba ya bure ya kutoa taarifa ni 113. Msichana wa kidato cha tatu anayeyajua hayo mawili ana kitu mkononi, si kaulimbiu.

Tatizo ni kwamba klabu nyingi zinaishia kwenye kaulimbiu. "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa" ni maneno mazito, yametoka kwenye ahadi za mwanaTANU, na babu zetu waliyatamka wakiwa wamesimama. Leo yanaimbwa kwenye ngonjera, watu wanapiga makofi, kisha mtu anakwenda kutoa "ya soda" getini. Klabu ya kupinga rushwa isiyowahi kuuliza swali hata moja kuhusu fedha za shule yake mwenyewe mimi naihesabu kuwa kwaya.

Iko moja iliyouliza. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne kwenye shule za serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini wazazi wanajua kwamba michango ya chakula na mitihani ipo kwa majina mbalimbali. Vijana hao waliandika barua ya adabu kabisa, "tunaomba kufahamishwa", wakitaka makusanyo na matumizi ya mchango wa chakula yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Mkuu wa shule alikasirika wiki nzima. Mlezi wa klabu aliitwa ofisini mara mbili. Wiki iliyofuata karatasi ikabandikwa, na mkuu mwenyewe baadaye aliniambia kwamba wazazi wanaochangia kwa wakati wameongezeka tangu ibandikwe. Alinieleza hilo kwa sauti ya chini, kama anayekiri kosa.

Ukiniuliza ipi ni bora, nitakuuliza shule yako ina mkuu wa namna gani. Kwa mkuu asiyependa maswali, klabu ya rushwa itageuzwa ngonjera ndani ya muhula mmoja, na mtoto wako atavuna zaidi skauti. Kwa mkuu mwenye kifua, ni kinyume chake. Vijana wenye bahati wako kote kuwili, maana siku hizi skauti nao wamefikiwa na mafunzo ya TAKUKURU, na hapo ndipo nimeona mchanganyiko mzuri: kijana anayetegemewa na bado anauliza.

Girl Guides, kwa mzazi wa binti

Skauti wanapokea wasichana, kwa hiyo wazazi huuliza Girl Guides ni ya nini tena. Ipo nchini tangu 1928, na jibu langu ni fupi: kuna mazungumzo ambayo hayafanyiki kaka zake wakiwapo.

Huku kwetu mazungumzo hayo si ya anasa. Utafiti wa taifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022–2023 uliiweka Njombe juu kabisa, asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Na kila mtu anajua ni mkoa gani Dar es Salaam wanaupigia simu wakitafuta dada wa kazi. Binti wa Kilolo au Ludewa anayejua kusema hapana mbele ya mjomba aliyekuja na nauli, akajua pia amwambie nani kesho yake, huyo ana uongozi ambao hauna gwaride. Kundi nililolitembelea Iringa walikuwa wanaigiza hasa tukio hilo: mmoja mjomba, mmoja mama aliyekwama na madeni, mmoja binti. Waliigiza mara tatu, kila mara binti akajaribu jibu jingine. Jibu la tatu lilikuwa zuri hata mimi nikalichukua.

Upungufu ni walezi. Unahitaji mwanamke mwenye muda saa kumi jioni, na walimu wa kike wana nyumba zinazowasubiri. Kama shuleni kwenu hayupo, usilazimishe kikundi cha wasichana chini ya mwalimu wa kiume kwa sababu tu ratiba inasema hivyo.

Mazingira na biashara

Roots & Shoots ilizaliwa hapahapa nchini. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1991 akiwa na vijana 12 wa sekondari, na ikasambaa dunia nzima. Msingi wake ni kwamba kila kundi lichague lenyewe jambo la kufanya kwa ajili ya watu, wanyama au mazingira. Malihai ni ya zamani zaidi, ya 1980, nayo imejikita kwenye wanyamapori na uhifadhi. Kwa anayeishi karibu na Ruaha au chini ya Kitulo, hayo si mambo ya kwenye kitabu.

Neno la muhimu pale ni "lenyewe". Nyanda za Juu Kusini kila klabu inapanda miti, kwa sababu miti ndiyo lugha yetu, Mufindi mpaka Makete. Nikaonyeshwa miche mia mbili ya milingoti, yaani mikaratusi, iliyopandwa kwa furaha kubwa kandokando ya kijito, kwa kuwa miche hiyo ilitolewa bure. Mlingoti unakunywa maji kama ng'ombe wa kukodi, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Hakuna mtoto aliyeuliza, maana hakuna mtoto aliyeamua. Kundi jingine, upande wa Iringa, lilianza na swali badala ya mche: mkoa unaolisha wengine, iweje utafiti wa afya wa mwaka 2022 ukute asilimia 56.9 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa? Wakaenda kuwahoji mama zao wenyewe nyumbani, nani anakula nini na saa ngapi. Mradi wao ukawa mboga na maharage kwa kaya kumi na mbili zenye watoto wadogo. Hauna picha nzuri kama upandaji miti. Mimi ningeupa alama zote.

Kampuni za wanafunzi chini ya Junior Achievement ni aina nyingine kabisa. Mtindo huo ulianza Marekani mwaka 1919 na hapa nchini upo tangu 2001: vijana wanaunda kampuni, wanauza hisa ndogondogo kwa wazazi na walimu, wanachagua meneja, wanatengeneza kitu na kukiuza, kisha wanafunga hesabu na kugawa faida au kuieleza hasara. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 nimeona kampuni nyingi za mifuko, na siku hizi ni mafuta ya parachichi.

Wengine wataniambia biashara si uraia. Niliwahi kudhani hivyo. Kisha nikaketi kwenye mkutano wa wanahisa wa kampuni moja ya namna hiyo, wazazi kama ishirini, na meneja wa miaka kumi na sita akasimama kueleza kwa nini hisa ya shilingi elfu moja imerudi mia sita. Sabuni yao haikuganda. Baba mmoja akamkomalia: mlijaribu kabla ya kununua malighafi yote? Kijana akasema hapana, hilo lilikuwa kosa langu, na jina langu liko kwenye uamuzi ule, ukurasa wa saba wa daftari. Akafungua akawaonyesha. Watu wazima wangapi wenye vyeo umewasikia wakisema hivyo? Ahadi nyingine ya TANU ilisema cheo ni dhamana. Huyu aliitekeleza akiwa na sabuni ya maji mkononi.

Udhaifu: watoto wa wafanyabiashara huongoza, wengine hubandika lebo. Uliza meneja alipatikanaje.

Baraza la watoto, na nyingine kwa haraka

Baraza la watoto ndilo pekee kati ya haya linalompeleka mtoto mbele ya halmashauri yenyewe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, na mabaraza yameundwa ili maoni hayo yapate mahali pa kwenda. Likifanya kazi, hakuna klabu inayolifikia. Ila mara nyingi linafanya kazi siku moja kwa mwaka, 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, na wawakilishi huwa ni walewale wanne wanaoongea vizuri, walioteuliwa na mwalimu mkuu saa moja kabla gari halijafika. Uliza mwakilishi wenu alirudi akawaambia nini wenzake. Nimeuliza mara tano. Mara moja tu nikapata jibu, na lilikuwa na tarehe ndani yake.

Klabu za midahalo zinanoa ulimi, zinafaa, ila ulimi peke yake tunao wa kutosha. Klabu za Umoja wa Mataifa ni nzuri kwa mwanafunzi wa bweni anayependa kusoma mambo ya dunia. Msalaba Mwekundu wa shule unafundisha huduma ya kwanza, na kwa shule iliyo kandokando ya barabara kuu ya Tunduma ningeuweka mbele ya nyingi nilizozitaja, maana ajali hazisubiri. Serikali ya wanafunzi siihesabu hapa. Kaka mkuu na dada mkuu wanatumika wakati wa masomo, na shule nyingi uchaguzi wao unamalizikia ofisini kwa walimu.

Kwa hiyo umpeleke wapi

Mtoto mkimya usimpeleke kwenye midahalo kwa matumaini kwamba ataongea; kundi dogo la skauti litamvuta polepole zaidi. Anayebishana na kila mtu nyumbani, klabu ya rushwa. Anayehesabu chenji mara mbili, kampuni. Binti wa shule ya kutwa, kabla ya jina la klabu angalia saa: klabu inayoisha saa kumi na moja na nusu inamfikisha nyumbani Uyole au Ipogolo gizani, na hapo hata iwe klabu ya malaika haifai. Ongea na mlezi waanze mapema au wahamie Jumamosi asubuhi. Na angalia tuisheni. Mtoto mwenye tuisheni siku tano kwa wiki hana nafasi ya kuwa raia wa popote.

Mwalimu unayetaka kuanzisha, hapa ndipo nieleze ile iliyonifia. Ilikuwa ya mazingira, ilishika nafasi ya pili wilayani, na mimi nilikuwa mlezi mzuri kupita kiasi. Daftari nilikaa nalo mimi, lisije likapotea. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda changu. Barua nilizoandika ni nzuri, nyingine bado ninazo. Nikapata uhamisho kwenda Mbozi mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu nikapigiwa simu na mwanafunzi mmoja akiuliza, samahani mwalimu, hivi tulikuwa tunakutanaga siku gani? Wanachama arobaini, na siku ya kikao ilikuwa kichwani mwangu peke yangu. Walimu huku tunahamishwa, tunaolewa, tunakwenda masomoni. Klabu inayostahili sifa ni ile inayoweza kumpoteza mlezi mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu bado inagombana kuhusu kalavati.

Zawadi yenyewe

Kamati iliporudi kukaa tukagundua kwamba hata namna ya kusifia inahitaji kulinganishwa. Kikombe kinakaa kabatini ofisini kwa mkuu, na baada ya mwaka hakuna mwanafunzi anayekumbuka kilitoka wapi. Cheti cha mtu mmoja mmoja kinamfaa akiomba nafasi mbele ya safari, lakini kinawapa walewale wanne wa mbele. Fedha taslimu inaleta ugomvi usiokuwapo. Kufungua mlango, yaani kuwapeleka vijana wakae na diwani nusu saa au wasikilizwe kwenye mkutano wa mtaa, hakugharimu kitu na ndicho walichokitaja wengi nilipowauliza, ingawa mmoja alitaja pia soda na keki.

Tukachagua ile klabu ya kaunta buku iliyochanika. Haikuwa kura ya wote. Wa skauti hakuridhika na bado haridhiki. Kikombe tukawapa, maana kilikuwa kimeshanunuliwa. Pesa iliyobaki tukanunua kaunta buku mbili za kurasa nyingi na sanduku la bati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja wa mweka hazina na mwingine wa katibu. Diwani akakubali kuwasikiliza. Mwenyekiti wao, aliyekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa ile Jumatatu akiwa na mwenzake, alirudi na jibu kwamba kalavati limo kwenye ajenda. Mpaka naandika haya halijajengwa. Kuna magogo mawili na kitambaa chekundu kwenye kijiti.

Siku ya kukabidhi hapakuwa na risala. Mama wa vitenge aliwapa sanduku, watu wakapiga makofi, tukadhani tumemaliza. Yule katibu wa sweta lililofumuka akalipokea, akaligeuza akaangalia chini, akafungua kufuli moja na kuifunga tena. Kisha akauliza risiti yake iko wapi, ili aliandike.